Kichwa cha mtoto uwanjani: majibu kwa wasomaji wa Dodoma na Kanda ya Kati

Tangu kiangazi kianze, na ligi za watoto za mitaani zianze kuchezwa karibu kila jioni, barua zinazofika katika safu hii zimekuwa zikirudi kwenye jambo moja, nalo ni usalama wa kichwa cha mtoto anayecheza mpira. Nimechagua barua tano ambazo naamini wasomaji wengine watayaona maswali yao ndani yake. Kwa kuwa zinahusu watoto, majina ya walioandika nimeyaacha, na mbili kati yake nimezifupisha bila kubadili maana.

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na anachezea timu ya watoto hapa mtaani. Mwezi uliopita aligongana kichwa kwa kichwa na mwenzake, akavimba paji la uso. Juzi nikiwa kwenye mitumba pale Sabasaba niliona kofia laini yenye sponji, inayofungwa kidevuni. Muuzaji aliniambia ndiyo aina aliyokuwa akivaa yule golikipa Petr Čech, na kwamba mtoto akiivaa hawezi tena kuumia ubongo. Anataka shilingi elfu thelathini na tano. Je, ninunue? Na refa atamruhusu kucheza nayo?
*Mama wa watoto watatu, Ipagala, Dodoma*

Jibu: Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa fedha. Nianze na swali lako la pili kwa sababu jibu lake ni fupi: refa atamruhusu. Sheria ya Nne ya soka, inayohusu vifaa vya mchezaji, inaruhusu vikinga visivyo vya hatari vilivyotengenezwa kwa kitu laini na chepesi, vikiwemo vya kichwani, vya usoni, vya magotini na vya mikononi. Kisichoruhusiwa ni kitu kigumu, mfano kofia ya baiskeli au ya bodaboda, kwa kuwa kitamlinda aliyekivaa na kumpasua mwenzake. Kwa hiyo, kama utainunua, ikague vizuri. Ikiwa ina kifungo cha chuma, au ukingo wake umekakamaa kwa uchakavu, refa ana haki ya kumwambia mtoto aivue, na hapo hakuna sababu ya kubishana naye.

Swali la kwanza linahitaji maelezo marefu zaidi. Ni kweli kwamba Čech, aliyekuwa golikipa wa Chelsea na timu ya taifa ya Jamhuri ya Czech, alivaa kofia inayofanana na ya wachezaji wa raga kuanzia Januari 2007 mpaka alipostaafu mwaka 2019. Muuzaji hakukueleza kwa nini aliivaa. Tarehe 14 Oktoba 2006, mechi dhidi ya Reading ikiwa ndiyo kwanza imeanza, goti la mchezaji wa timu pinzani lilimpiga kichwani, mfupa wa fuvu ukavunjika na kubonyea ndani, akakimbizwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Aliporudi uwanjani miezi mitatu baadaye, kofia ile ilikuwa ya kukinga mahali ambapo mfupa ulikuwa umedhoofika. Ilikuwa kinga ya fuvu, na fuvu na ubongo ni mambo mawili tofauti.

Ubongo haukushikamana na fuvu kama nyama ya embe inavyoshika kokwa. Umo ndani ya majimaji, mithili ya kiini cha yai ndani ya ute wake. Ukilifunga yai kwa kitambaa kinene kisha ukalitikisa kwa nguvu, ganda litabaki zima, lakini kiini kitakuwa kimekwenda huku na huku na kugonga pande zote. Mtikisiko wa ubongo hutokea kwa namna hiyo: kichwa kinasimama au kugeuka ghafla, nao ubongo uliomo ndani unachelewa kukifuata, unajivuta na kujipinda. Sponji ambayo unene wake haufiki hata upana wa kidole inaweza kupunguza mchubuko na kuzuia ngozi isipasuke. Haiwezi kuzuia kichwa kisizunguke. Na kwa upande wa mpira wenyewe msaada wake ni mdogo zaidi, kwa sababu mpira unapogonga paji la uso, unaobonyea ni mpira, na sponji hubaki karibu kama ilivyokuwa.

Wapo walioupima ukweli huu kwa uangalifu. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, watafiti walifuatilia wachezaji 2,766 wa soka wa shule za sekondari. Baadhi ya shule zilipangiwa kwa bahati nasibu kuvaa vikinga vya kichwa, na nyingine zikaendelea kucheza bila vikinga hivyo. Mwishoni, waliovaa walipata mtikisiko wa ubongo kwa kiwango kisichotofautiana na wasiovaa. Sitaficha kwamba vipimo vya maabara vinaonyesha baadhi ya vikinga hupunguza nguvu ya pigo pale vichwa viwili vinapogongana, kama ilivyomtokea mwanao. Lakini kati ya kupunguza nguvu ya pigo ndani ya maabara na kumwepusha mtoto na madhara uwanjani kuna umbali mkubwa, na ahadi ya muuzaji wako imeuruka umbali huo wote kwa hatua moja.

Kuna jambo la pili ambalo nimeliona kwa macho yangu katika miaka yangu ya kufundisha watoto mpira. Niliwahi kuwa na mtoto mpole, beki wa kushoto, ambaye mzazi wake alimnunulia kofia ya namna hiyo. Baada ya wiki mbili alikuwa ameanza kuingiza kichwa kwenye mipira ambayo zamani angeiacha ipite, nao wenzake wakaanza kumvaa bila huruma kwa kuwa "ana kofia". Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kofia ilikuwa imewaambia wote kwamba hatari imekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiinunue kwa tumaini ulilopewa. Ikiwa mtoto ana kovu au jeraha la kichwa ambalo daktari amesema likingwe, hapo kofia ina kazi yake. Vinginevyo, fedha hiyo ni bora imnunulie vikinga ugoko, ambavyo sheria inamlazimu kuvivaa na ambavyo watoto wetu wengi hucheza bila kuwa navyo, na kitakachobaki mchangie na wazazi wenzako mpate mpira wa saizi ya watoto, jambo ambalo nalieleza katika jibu linalofuata. Na lile vimbe la mwezi uliopita lisikudanganye kwa kuwa limeshanywea. Vimbe ni la ngozi, wala ukubwa wake haupimi hali ya ndani. Kama tangu siku ile mtoto analalamika kuumwa kichwa, amekuwa mkali bila sababu, au mwalimu wake wa darasa anasema amezubaa, mpeleke hospitali hata kama mwezi umepita.

Swali: Mwalimu mwenzangu, salaam. Nafundisha darasa la tano na ndiye ninayeandaa timu ya shule kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kila siku ya mazoezi huwa nawapanga watoto mstari, namrushia kila mmoja mpira arudishe kwa kichwa, mara ishirini hivi, kwa kuwa nasi tulifundishwa hivyo. Rafiki yangu ananiambia kwamba nchi za wenzetu wamepiga marufuku watoto kupiga mpira kwa kichwa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nifundisheje, ikiwa shule nzima ina mpira mmoja tu, wa wakubwa?
*Mwalimu wa michezo, Kongwa*

Jibu: Rafiki yako amesema kweli, ingawa kila nchi ina kipimo chake. Mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani, baada ya wazazi kufungua kesi mahakamani mwaka mmoja kabla, lilitangaza kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige mpira kwa kichwa, iwe mazoezini au kwenye mechi, na kwamba wa miaka 11 hadi 13 wawekewe kikomo mazoezini. Februari 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo wa mazoezi: watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kabisa kupiga kichwa. Kwa mwongozo wa England, kundi linalofuata baada ya hao, la chini ya miaka 12, lifanye zoezi hilo mara moja kwa mwezi, mipira isiyozidi mitano, na vijana wa chini ya miaka 14 hadi 16 mara moja kwa wiki, mipira isiyozidi kumi. Linganisha na mipira yako ishirini kwa kila mtoto kwa kila siku ya mazoezi, na utaona kwa nini nimeijibu barua yako mapema.

Mwongozo huo wa mwaka 2020 ulisukumwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliotoka Oktoba 2019, ambao ulitazama kumbukumbu za wanasoka wa zamani 7,676 wa Scotland waliocheza kwa kulipwa. Ulionyesha kwamba wanasoka hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kama mara tatu na nusu, wa kufa kwa maradhi ya kuharibika kwa ubongo kuliko watu wengine wa rika na mazingira yao. Nakuomba uupokee utafiti huo kwa kiasi chake. Ulihusu watu wazima waliocheza miaka mingi, wala haukuthibitisha kwamba kosa ni la kupiga kichwa peke yake. Tena uligundua kwamba hao hao walikufa kwa uchache zaidi kutokana na maradhi ya moyo. Soka inajenga afya, na hakuna anayependekeza watoto waache kucheza. Kinachopendekezwa ni kwamba ubongo unaoendelea kukua, uliobebwa na shingo ambayo bado haijakomaa, usipewe mapigo ambayo hayana ulazima.

Hapa kwetu refa wa mechi ya shule hatapuliza filimbi kwa sababu mtoto amepiga kichwa, kwa kuwa sheria 17 za soka zinaruhusu. Lakini mechi ni saa moja katika wiki, na mazoezi ni yako. Hapo ndipo mapigo mengi hupatikana, na hapo una mamlaka kamili ya kuyapunguza kuanzia kesho bila kusubiri waraka wa mtu yeyote. Kwa watoto wa darasa la tano kushuka chini, liondoe zoezi hilo la mstari. Wafundishe kudhibiti mpira kwa kifua na paja, kupiga pasi za chini, na kuwahi mahali utakapoangukia. Wagawanye katika timu ndogo za watano kwa watano kwenye uwanja mfupi, ambako mipira ya juu huwa michache yenyewe. Mkataze golikipa kubutua mpira mrefu kwenda katikati ya uwanja, kwa sababu mpira unaotoka juu kwa mbali ndio unaogonga kwa nguvu kubwa kuliko mingine yote ambayo mtoto anaweza kukutana nayo.

Kwa wale wa darasa la sita na la saba ambao watakutana na mipira ya juu watake wasitake, kuwaacha bila mafunzo kabisa nako si salama, maana asiyejua hufumba macho na mpira humgonga utosini. Wafundishe kwa puto. Au kwa chandimu, ule mpira wa mifuko na matambara ambao watoto wetu wanausuka wenyewe. Ni mwepesi, haugharimu chochote, na kwa zoezi hili ni bora kuliko mpira wa dukani. Mtoto aweke macho wazi na mdomo umefungwa, akaze shingo, apige kwa paji la uso, mabega na kichwa vikienda pamoja. Akishaelewa umbo la tendo lenyewe, mara tano kwa wiki zinamtosha.

Sasa kuhusu huo mpira wenu mmoja. Mpira wa wakubwa, saizi ya 5, una uzito wa gramu 410 hadi 450. Saizi ya 4, ambayo ndiyo ya watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili hivi, ni gramu 350 hadi 390 na mzingo wake ni mdogo. Kama shule haina uwezo, basi tawaleni upepo wake. Nimeona mara nyingi mpira unajazwa asubuhi kukiwa na baridi mpaka unalia kama ngoma, kisha unawekwa juani. Kufika saa tisa alasiri, kwa jua letu la Dodoma, hewa iliyomo ndani imetanuka na mpira umekuwa jiwe. Ujazeni kiasi ambacho ukiukandamiza kwa dole gumba ubonyee kidogo, uwekeni kivulini, na muupime tena kabla ya mazoezi. Ikifika Januari na mvua ikinyesha, mpira uliochakaa na kufumuka nyuzi hunywa maji ukawa mzito, na siku hiyo pigeni mpira wa chini tu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili na nacheza winga. Katika mechi yetu ya mwisho refa alinitoa nje kwa sababu nimevaa hijabu, akasema sheria haziruhusu kitu kichwani isipokuwa kwa golikipa. Naomba kujua ukweli.
*Mwanafunzi, Kondoa*

Jibu: Marahaba mwanangu. Refa wako alikuwa akitumia sheria ya zamani. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, IFAB, iliruhusu vitambaa vya kichwa kwa majaribio mwaka 2012, na Machi 2014 ikaviruhusu moja kwa moja, kwa wanawake na kwa wanaume. Masharti yake ni machache: kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, na wachezaji wa timu moja wanaokivaa wavae rangi moja, kisishonwe wala kuunganishwa na jezi, kisiwe na sehemu inayoning'inia, na kisiwe hatari kwako wala kwa mwenzako.

Sharti hili la mwisho ndilo naomba ulishike. Hijabu iliyobanwa kwa pini ni hatari, kwa kuwa pini inaweza kukuingia wewe shingoni au kumchoma macho mwenzako mkigombea mpira. Vaa ile ya kuvutika inayoingia kichwani bila kufungwa, na ncha zote ziwe ndani ya jezi. Vua pia hereni, bangili, shanga na uzi wowote wa shingoni. Hata hirizi haina ruhusa, na kuifunika kwa plasta hakuifanyi iruhusiwe. Mwombe mwalimu wako wa michezo amwonyeshe refa Sheria ya Nne kabla ya mechi, kwa adabu, wakati wa ukaguzi wa vifaa, wala si baada ya filimbi kupulizwa.

Swali: Kocha, mimi nafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka kumi na tano. Jumapili mshambuliaji wangu alipigwa kiwiko kichwani akaanguka chali. Hakuzimia, ila alikaa kidogo kama hajui alipo, tukammwagia maji, akainuka akamaliza mechi. Usiku aliumwa kichwa na kutapika mara moja, wakampa panadol. Sasa anasema yuko sawa. Fainali ni Jumamosi hii, na yeye ndiye mfungaji wetu. Baba yake ameniachia mimi niamue. Nimchezeshe?
*Kocha wa timu ya mtaa, Nkuhungu*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Asicheze Jumamosi hii, wala Jumamosi mbili zinazofuata. Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa sababu fainali isingengoja gazeti kuchapwa, nilikujibu kwa simu siku ile ile. Naichapa hapa kwa ajili ya makocha wengine, kwa kuwa ulichokifanya Jumapili ndicho kinachofanywa katika viwanja vyetu karibu vyote, nami mwenyewe nimewahi kukifanya nilipokuwa kijana, jambo ambalo bado linanisumbua.

Kutojua alipo, hata kwa nusu dakika, ni dalili tosha ya mtikisiko wa ubongo. Watu wengi wanadhani mpaka mtoto azimie, ilhali walio wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Dalili huweza kuwa kuduwaa, kuyumba, kuuliza jambo lile lile mara mbili, kusahau matokeo ya mechi, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona vitu viwili viwili, kuchukia mwanga, au kulia bila sababu inayoeleweka. Moja tu kati ya hizo inatosha kumtoa uwanjani, na akitoka harudi siku hiyo, hata akijisikia vizuri baada ya dakika kumi. Dalili nyingine huchelewa na kujitokeza usiku, kama ilivyokuwa kwa kijana wako. Maji ya kumwagia kichwani yanamwamsha mtu aliyechoka kwa joto, lakini kwa ubongo uliotikiswa hayafanyi lolote.

Sababu ya msimamo huu mkali ni kwamba ubongo uliotikiswa huwa dhaifu kwa siku kadhaa hata pale ambapo mwenyewe anajisikia mzima. Pigo la pili likija ndani ya siku hizo, hata likiwa dogo, dalili zinaweza kuwa nzito na za muda mrefu, na mara chache, hasa kwa vijana, ubongo unaweza kuvimba kwa ghafla na kusababisha kifo. Ni nadra, lakini halina dawa ya uhakika, na linazuilika kwa kumkalisha mtoto benchi.

Usimwachie yeye uamuzi. Kijana wa miaka kumi na minne mwenye fainali mbele yake atakuambia yuko sawa hata kama anaona magoli mawili. Na kisingizio cha idadi ya wachezaji wa akiba hakipo, kwa kuwa sheria za soka zinaruhusu mashindano ya vijana na ya mitaani kutumia utaratibu wa mchezaji aliyetoka kuweza kurudi, na tangu mwaka 2024 zimeweka pia nafasi ya nyongeza ya kumbadili mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo, ikiwa waandaaji watakubali kuitumia. Waombe waandaaji wa ligi yenu waiweke kwenye kanuni kabla ya msimu ujao.

Kwa kuwa alitapika, nilikushauri apelekwe hospitali kuonana na daktari siku hiyo hiyo, nawe umenijulisha kwamba alipelekwa. Wengine wafahamu kwamba zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja hata saa moja: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, mkono au mguu kuishiwa nguvu, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, maji au damu kutoka sikioni au puani, na maumivu ya shingo. Mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe wala kugeuzwa. Ashikiliwe kichwa alipo mpaka wanaojua wafike. Majeruhi yeyote asipandishwe bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, kama nilivyoona mara nyingi. Tafuteni gari, hata la mizigo, alale humo. Panadol haina tatizo, ila asprini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumike siku mbili za mwanzo bila ruhusa ya daktari, kwa sababu zinaweza kuongeza damu kuvuja kama kuna mshipa uliopasuka. Na ikiwa kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kitarudi safi, msikichukue kama ruhusa ya kucheza. Kipimo hicho hutafuta damu na mivunjiko, na mtikisiko wenyewe hauonekani humo.

Njia ya kurudi ni ya hatua. Siku moja au mbili za kupumzika, simu na televisheni zikipunguzwa, ingawa kutembea taratibu nyumbani hakukatazwi. Kisha masomo, maana shule hutangulia mpira. Akimudu siku nzima ya darasani bila kichwa kuuma, akimbie mwendo mdogo peke yake. Halafu mazoezi na mpira bila kugusana na wenzake. Na baada ya daktari kumruhusu, mazoezi kamili, ndipo mechi. Kila hatua ichukue walau siku nzima, na dalili zikirudi arudi hatua moja nyuma. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani unataka zipite angalau siku 21 kabla ya mechi ya ushindani. Mimi kwa watoto naushika huo, na wazazi wanaolalamika huwaambia kwamba wiki tatu si nyingi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Swali: Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Tumepata magoli mawili ya mabomba ya chuma kwa ajili ya uwanja wa watoto. Yanahamishika, na watoto huyabeba wenyewe. Mzazi mmoja amelalamika kwamba ni hatari. Je, ana haki?
*Mjumbe, Chang'ombe, Dodoma*

Jibu: Ana haki kabisa, na malalamiko yake yafanyiwe kazi kabla ya mechi ijayo. Sheria ya Kwanza inasema magoli, yakiwemo yanayohamishika, lazima yakazwe ardhini. Goli la chuma lisilokazwa huanguka kwa mbele mtoto anapolining'inia, na bomba la juu humkuta kichwani au kifuani. Katika nchi mbalimbali watoto wamekufa kwa namna hii, wengi wao nje ya mechi kabisa, wakati wa kuchezea tu. Hapo hakuna kofia ya sponji itakayosaidia.

Mwiteni fundi wa kuchomelea aongeze bomba la chini kwa nyuma, kisha likazwe kwa vigingi vya nondo virefu vilivyopindwa kichwa. Udongo wetu wa kiangazi ni mgumu na vigingi vitashika vizuri, lakini mvua zikianza hulegea, kwa hiyo wekeni juu yake viroba vya mchanga, vitatu au vinne kila upande. Magoli yahamishwe na watu wazima. Mechi ikiisha yalazwe kifudifudi na kufungwa mnyororo, na funguo zikae kwa mtu mmoja anayejulikana.

Na kwa kuwa mtakuwa mmeshaagiza mchanga wa korongo kwa ajili ya viroba, ongezeni toroli kadhaa zaidi, mlitifue eneo la mbele ya kila goli kwa jembe, mwokote kokoto, na mchanganye mchanga huo na udongo. Hapo ndipo golikipa huangukia mara nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote, na kati ya Mei na Novemba ardhi ya Chang'ombe ni ngumu kama sakafu.